Kumtambua Jongoo Hadi Jenasi na Kumweka Kwenye Ramani: Mwongozo Kamili kwa Mfano wa Archispirostreptus

Kila mvua zikianza, mambo ni yale yale. Mtu anaokota jongoo mweusi, mnene kama kidole gumba, anampiga picha akiwa amejikunja, kisha anaandika chini ya picha: *Archispirostreptus gigas*. Ukimwuliza amejuaje, anajibu, "Si mkubwa na mweusi?" Baada ya wiki nukta mpya imeshatua kwenye ramani ya mtawanyiko, na mwanafunzi fulani anaitumia kwenye tasnifu yake.

Weusi si hoja. Jongoo weusi wakubwa wapo wa jenasi nyingi (jenasi ni kundi la spishi za karibu), na wengine hata si wa oda moja (oda ni kundi kubwa lenye familia na jenasi ndani yake). Mwongozo huu ni wa waliokwisha jaribu wakakwama: wana sampuli mezani, wana jina kichwani, lakini hawawezi kumthibitishia mtu kwamba jina hilo ni sahihi. Nimechukua Archispirostreptus kama mfano kwa sababu ndiyo jenasi inayosingiziwa kuliko zote, ila njia yenyewe inafaa kwa jongoo yeyote mrefu wa mviringo.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Lenzi ya mkono ya mara 10, na mahali pa kupata hadubini ya kutazamia vitu vizima (ile ya macho mawili). Bila hadubini utaishia hatua ya 5.
- Ethanoli ya asilimia 70 hadi 80 kwa mwili, na kidogo ya asilimia 96 kwa miguu ya kupimia DNA. Usitumie spiriti yenye rangi. Formalini iache kabisa: inakaza mwili na kuharibu DNA.
- Chupa zenye mdomo mpana na kifuniko kisichovuja, pamoja na vichupa vidogo sana vya kuwekea sehemu utakazozitoa.
- Mrija wa plastiki unaopitisha mwanga, mpana kidogo kuliko jongoo mwenyewe. Utaona kazi yake muda si mrefu.
- Vibano viwili vyenye ncha nyembamba na pini kadhaa za wadudu, moja ukiwa umeipinda ncha kama ndoana.
- Penseli na karatasi ngumu ya kuandikia lebo. Kalamu ya wino acha nyumbani.
- Glavu na miwani ya kukinga macho.
- Simu au kifaa cha GPS, kikiwa kimewekwa mfumo wa WGS84 (mfumo wa koordineti ambao GPS nyingi hutumia) na nyuzi za desimali.
- Kibali. Tanzania utafiti huombewa COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia), na wa wanyamapori hupitia TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori). Kenya ni leseni ya NACOSTI (tume ya sayansi ya huko), na kwa wanyamapori ulizia vibali vya ziada. Jongoo haonekani kuwa mnyamapori mpaka siku utakapokutwa naye kwenye chupa ndani ya hifadhi.

## Hatua ya 1: Tafuta dume aliyekomaa

Hapa ndipo kazi nyingi hufa, na zinakufa kimya kimya, kwa sababu aliyeokota hajui kama ameokota jike.

Kwa jongoo hawa jenasi husomwa kwenye viungo vya dume vya kupitishia mbegu, viitwavyo gonopodi. Jike hana. Jongoo mchanga hana, au ana vichuguu tu mahali zitakapoota. Kwa hiyo unaweza kuwa na jike wa ajabu, mzima, aliyehifadhiwa vizuri, na bado usiweze kusema ni jenasi gani. Mimi ninaye mmoja wa hivyo, nitamrudia.

Toka mvua za kwanza zikishanyesha, usiku au alfajiri. Tazama chini ya magogo yaliyooza, kwenye majani makavu yaliyolala mengi, na kwenye mizizi ya miti mikubwa. Kiangazi wengi hujichimbia, na ukikosa jongoo wakati huo usiandike kwamba hawapo.

Ukimpata, usihangaike kumkunjua kwa nguvu. Mwingize kwenye ule mrija wa plastiki, subiri. Baada ya dakika moja au mbili ataanza kutembea, na tumbo lake lote utaliona kupitia ukuta wa mrija.

Sasa hesabu pingili kuanzia kichwani. Pingili ya 1 ni ile pana inayokaa kama mtandio nyuma ya kichwa; haina miguu. Zinazofuata zina jozi moja moja ya miguu, kisha zinakuja zenye jozi mbili mbili, ambazo ndizo nyingi. Ukifika pingili ya 7, simama. Kwa dume, safu ya miguu inakatika hapo, kuna pengo. Kwa jike safu inaendelea moja kwa moja.

Dalili ya ziada: madume wengi wa kundi hili wana vinyama laini kama soli chini ya miguu, vya kumshikia jike.

Tahadhari. Jongoo akikereka hutoa majimaji ya kahawia pembeni mwa mwili. Yana kemikali za kundi la benzokwinoni. Hupaka ngozi rangi isiyotoka kwa siku kadhaa, na zikiingia jichoni ni hatari kweli. Vaa glavu. Yakikurukia machoni, osha kwa maji mengi na uende hospitali.

Umefanikiwa ukiwa na madume wawili au watatu waliokomaa wa mahali pamoja, na jike mmoja wa kuongozana nao. Wengine warudishe ulikowatoa.

## Hatua ya 2: Andika lebo ukiwa bado umesimama pale pale

Wahenga walisema mtupa jongoo hutupa na mti wake. Kwetu sisi mtupa lebo hutupa na jongoo wake. Sampuli isiyo na mahali ilipotoka haiingii kwenye ramani hata kama gonopodi zake ni kamilifu.

Andika kwa penseli, na karatasi iingie ndani ya chupa. Niliwahi kuandika kwa kalamu ya wino chupa 11 za safari moja. Niliporudi, ethanoli ilikuwa ya buluu na karatasi nyeupe pee. Wale jongoo bado ninao, hawana kwao.

Lebo inayotosha ni kama hii (data ni za mfano tu):

> TANZANIA: Morogoro, chini ya Milima ya Uluguru. −6.8200, 37.6600. m 520. 14.III.2024. Ukingo wa msitu, chini ya gogo. Mkusanyaji: (jina lako). Na. 24-017.

Mwezi umeandikwa kwa namba za Kirumi makusudi. Ukiandika 4/11, mmoja atasoma tarehe nne Novemba na mwingine tarehe kumi na moja Aprili, na kwa jongoo tofauti hiyo ni vuli na masika.

Mwinuko usiuache. *A. gigas* ni wa nyanda za chini zaidi. Ukimpata "yeye" kwenye msitu wa mlima wenye ukungu, hiyo peke yake ni sababu ya kutilia shaka jina.

Piga picha tatu kabla hajafa: mwili mzima kutoka juu, kichwa kwa karibu, na mkia kwa karibu. Rangi ya miguu na ya mikanda ya mwili hufifia ndani ya ethanoli.

## Hatua ya 3: Hifadhi mwili usioze

Mweke kwenye friza kwa saa kadhaa, kisha mwingize kwenye ethanoli. Kabla ya kumtia ethanoli kata miguu mitatu minne ya katikati ya mwili, upande mmoja tu, uiweke kwenye kichupa chake cha ethanoli ya asilimia 96 chenye namba ile ile.

Watu wengi huishia hapo, na mwezi mmoja baadaye wanafungua chupa yenye harufu mbaya. Jongoo mkubwa ana maji mengi mwilini. Maji hayo huitoa ethanoli nguvu. Badilisha ethanoli baada ya siku moja, na tena ikishachukua rangi ya chai. Kwa wale wanene toboa kwa pini kwenye utando kati ya pingili, sehemu tatu au nne nyuma ya pingili ya 15, ili ethanoli ipenye. Mbele ya hapo usiguse.

Umefanikiwa kama baada ya wiki mbili miguu bado imeshika, mwili haujalegea, na ethanoli haijachafuka.

## Hatua ya 4: Oda kwanza, jenasi baadaye

Ngeli ya jongoo, Diplopoda, ina oda 16. Kwa jongoo mkubwa wa mviringo wa Afrika Mashariki na Kusini unahitaji kutenganisha mbili tu: Spirostreptida, iliyo na Archispirostreptus, na Spirobolida. (Akiwa na mgongo wenye mabawa bapa pembeni, pingili kama ishirini na hana macho, huyo ni Polydesmida. Achana naye leo.)

Anza na kichwa. Spirobolida ana mfereji mwembamba unaoshuka katikati ya uso kutoka utosini kuelekea mdomoni. Spirostreptida anaweza kuwa na mstari utosini, lakini uso wake wa mbele ni laini. Igeuzegeuze taa, mfereji huonekana kwa kivuli chake kuliko kwa wenyewe.

Kisha rudi pingili ya 7. Kwa dume wa Spirobolida jozi zote mbili za miguu ya pingili hiyo zimegeuka gonopodi. Kwa Spirostreptida gonopodi zilizokua ni jozi moja, ile ya mbele. Ya nyuma haipo au imebaki kialama.

Usiidharau hatua hii kwa kudhani jitu kubwa lazima liwe Spirostreptida. Mwaka 2011 alielezwa kisayansi kwa mara ya kwanza *Crurifarcimen vagans* kutoka Milima ya Tao la Mashariki, Tanzania. Anafika sentimita 16, na ni Spirobolida. Picha yake ikifika mbele ya mtu asiyetazama kichwa, najua ataitwa nani.

Umefanikiwa kama kichwa na pingili ya 7 vinatoa jibu moja. Vikipingana, umehesabu pingili vibaya. Rudia.

## Hatua ya 5: Familia, kwa kutazama mkia

Hii ni fupi. Mgeuze uone vile vibamba viwili vinavyofunga tundu la nyuma kama milango.

Vikiwa na mwiba au jino kwenye kona ya juu, uko kwenye Odontopygidae. Jina lenyewe kwa Kigiriki ni jino na tako, kwa hiyo halisahauliki. Hawa kwa kawaida ni wembamba, na Afrika ya Mashariki ni wengi mno. Vikiwa havina miiba, endelea na Spirostreptidae, familia ya Archispirostreptus, ukikumbuka kwamba Harpagophoridae nao wapo Afrika na hao hutengwa kwa gonopodi, ambazo ndizo zinazofuata.

Kama huna hadubini, kazi yako ya uaminifu inaishia hapa. Andika "Spirostreptidae, dume, jenasi haijathibitishwa." Hiyo ni rekodi halali kabisa. Nukta yenye jina la kubahatisha ni mbaya kuliko isiyo na jina.

## Hatua ya 6: Toa gonopodi uzisome

Wanaocheka wakisikia habari za jongoo na mtungi wacheke sasa wamalize, maana saa nzima inayokuja tutakuwa kwenye sehemu za uzazi za dume.

Mlaze chali kwenye kisahani chenye ethanoli ya kumfunika, chini ya hadubini. Kama mwili umekaza, usilazimishe. Njia salama ni kuutenganisha kati ya pingili ya 7 na ya 8: shika kila upande kwa vidole, vuta taratibu huku ukizungusha kidogo. Sasa unaziona gonopodi kwa nyuma pia. Ingiza pini yenye ndoana kwenye kitako chake, kata utando ulioishikilia, kisha itoke yenyewe. Usivute ncha. Ncha ndiyo inayobeba jina, na ndiyo ya kwanza kukatika.

Toa moja tu. Nyingine ibaki mahali pake, kwa ajili ya atakayekuja kukuhakiki.

Unachokiona kina sehemu mbili:

Koksa. Ni kitako kikubwa, kilichokunjika kama jani la mgomba lililokunjwa likabaki na mfereji katikati. Ina mkunjo wa mbele na mkunjo wa nyuma. Kazi yako ni kutazama kilele chake: kimechongoka au kimeviringika? Kina kijipembe kinachotokea pembeni? Mkunjo upi umepita mwenzake kwa urefu?

Telopoditi. Ni uzi mgumu mrefu unaopanda ndani ya ule mfereji, unachomoza juu ya koksa, kisha unapinda. Fuatilia polepole kutoka pale unapochomoza. Unapinda mara ngapi? Kwenye kona kuna mwiba? Unabaki mwembamba hadi mwisho au unatanuka kama kijiko? Juu yake kuna mfereji mwembamba wa mbegu. Huo ukiufuata utakufikisha kwenye ncha ya kweli, hata kama kuna tawi jingine linalojifanya ncha.

Kwenye familia hii jenasi hutengwa kwa mambo hayo: umbo la kilele cha koksa, mpindo wa telopoditi, na mahali vijipembe vilipoota. Idadi ya pingili, unene, urefu na rangi hubadilika ndani ya spishi moja, hata ndani ya kundi la mahali pamoja.

Chora. Najua una kamera nzuri, na picha utapiga, tena pande tatu: mbele, nyuma na ubavuni, kila moja ikiwa na kipimo cha milimita. Lakini mkono unaochora hulazimisha jicho kuamua kama ule ni mwiba au ni uchafu. Mara mbili nimegundua kwa penseli kwamba "kijipembe" nilichokuwa nakishangilia kwenye picha kilikuwa punje ya mchanga.

Ukimaliza, gonopodi iingie kwenye kichupa kidogo, na kichupa kiingie ndani ya chupa ya mwili wake. Kisiachwe pembeni wala kufungiwa kwenye droo.

Umefanikiwa kama una michoro au picha za pande tatu ambazo mtu asiyekuwa nawe anaweza kuzitumia bila kukuuliza swali.

## Hatua ya 7: Linganisha, tena na chapisho sahihi

Kwa jenasi yetu sehemu ya kuanzia ni mapitio yaliyochapishwa mwaka 2010 na Tarombera Mwabvu na wenzake. Yalichambua upya Archispirostreptus, jenasi iliyoelezwa na Silvestri mwaka 1895, pamoja na mtawanyiko wake, na ndani yake ikaelezwa jenasi mpya, Cacuminostreptus, yenye spishi 3 mpya. Maana yake kwako ni hii: jina lililowekwa kwenye chupa kabla ya 2010 lisiaminiwe mpaka gonopodi zitazamwe tena.

Tumia orodha ya mtandaoni ya MilliBase kupata majina yanayotumika sasa na yaliyoachwa. *A. gigas* ni mfano mzuri wa usumbufu huo. Mtaalamu wa wanyama Peters alimweleza mwaka 1855 akamwita *Spirostreptus gigas*. Maandishi mengine ya baadaye yanamwita *Graphidostreptus gigas*. Huyo ni jongoo mmoja mwenye majina matatu, na ukitafuta jina moja tu utakosa rekodi za mengine mawili. Ndiyo sababu jina la Peters huwekwa kwenye mabano, "(Peters, 1855)": mabano yanasema spishi imehamishwa kutoka jenasi aliyoiweka yeye. Usiyafute kwa kudhani ni mapambo.

Unapolinganisha mchoro wako na wa chapisho, mtego ni mmoja na umenasa wengi: kushoto na kulia. Michoro ya zamani huweza kuonyesha gonopodi ya kushoto wakati wewe umetoa ya kulia. Zinakuwa kama viatu vya mtu mmoja. Soma maelezo ya chini ya mchoro, na ikibidi geuza picha yako kama kwenye kioo kabla ya kutangaza spishi mpya.

Pima pia majirani. Kusini mwa Afrika kuna Doratogonus, wakubwa na weusi vile vile. Zimbabwe na jirani zake kuna Bicoxidens. Andika kwenye daftari kwa nini sampuli yako si hao. Kama huwezi kuandika sentensi hiyo, jina lako bado ni dhana.

## Hatua ya 8: Koordineti, adui asiyeonekana

Gonopodi zimesomwa, jina limethibitika, halafu nukta inatua nchi nyingine. Naiona kosa hili kuliko lolote.

Chukua ile lebo ya mfano: −6.82, 37.66. Ukisahau alama ya kutoa, jongoo wako wa Morogoro anahamia kusini mwa Ethiopia. Ubaya ni kwamba Ethiopia haishangazi, kwa kuwa jenasi hii inafika pembe ile ya Afrika, na kosa litapita bila kuonekana. Ukibadilisha nafasi za namba mbili, nukta inatua kusini-magharibi mwa Uhispania. Hilo angalau litakuamsha.

Kosa la tatu ni dakika. GPS ya zamani inaandika nyuzi 6 dakika 49. Mtu anaandika 6.49. Sahihi ni 49 gawanya kwa 60, yaani 6.817. Tofauti ni kilomita kama 36, na milimani hizo zinatosha kumtoa jongoo bondeni ukampeleka kileleni.

Desimali nne zinatosha. Ni kama mita 11. Desimali mbili ni kama kilomita moja. Desimali nane ambazo simu inakupa hazina maana, jongoo mwenyewe ameshasogea.

Umefanikiwa kama umefungua kila nukta kwenye picha ya setelaiti na mazingira yanalingana na yaliyoandikwa kwenye lebo. Nukta iliyoandikwa "ukingo wa msitu" ikitua ziwani, irudishe kwenye daftari.

## Hatua ya 9: Rekodi za wengine

Ramani ya jenasi haijengwi na chupa zako peke yake. Kusanya rekodi za makumbusho, za machapisho, na za hifadhidata kama GBIF. Kisha zigawe mafungu matatu, kila fungu na alama yake: dume aliyesomwa gonopodi na chanzo kinajulikana, sampuli ipo lakini haijahakikiwa, na picha tupu. Fungu la tatu lichore kwa duara lisilojazwa, au liache kabisa. Mimi huliacha.

Lebo za zamani zinataka subira. Nyasaland ni Malawi, Lourenço Marques ni Maputo, Salisbury ni Harare; hizo ni rahisi. "Kilimandjaro" bila mwinuko ni habari nyingine: mlima ule unaanza kwenye tambarare na kuishia mita 5,895, na jongoo wa chini si wa juu. "Mossambik" ya karne ya 19 inaweza kuwa nchi nzima au Kisiwa cha Msumbiji. Rekodi ya namna hiyo ipe nukta katikati ya eneo na uandike kosa linalowezekana kwa kilomita, 30 au zaidi. Usiibuni iwe sahihi.

Kabla ya kufuta nukta "ya ajabu", jiulize kama unaifahamu jenasi vya kutosha. Archispirostreptus imetawanyika kutoka kusini mwa Afrika, kupitia Afrika ya Mashariki, hadi Rasi ya Uarabuni, *A. syriacus* yuko hadi pande za Israeli na Palestina. Nukta ya Yemen si kosa la kuandika. Nukta ya *A. gigas* Afrika Magharibi ndiyo ya kutiliwa shaka: huko kuna Spirostreptidae wengine wakubwa, kama Telodeinopus. Na nukta katikati ya jiji la Ulaya ni jongoo wa kufugwa aliyemtoroka mwenyewe.

## Hatua ya 10: Chora, na usome mapengo

Programu ya QGIS ni ya bure na inatosha. Weka tabaka la mwinuko chini, mipaka ya nchi juu yake kwa mstari mwembamba, kisha nukta zako. Mipaka isitawale, jongoo anafuata mvua, udongo na mwinuko.

Tabaka moja ambalo wengi hulisahau ni la mahali jongoo walipotafutwa wakakosekana. Bila hilo, pengo kwenye ramani halina maana. Nukta za jongoo Afrika hujipanga kando ya barabara, vituo vya utafiti na milima iliyopendwa na watafiti. Milima ya Udzungwa inaonekana imejaa jongoo kwa sababu imejaa kweli: kundi zima la spishi za Chaleponcus lililoelezwa mwaka 2014 ni la milima hiyo tu. Lakini pia kwa sababu watu walikwenda, wakakaa, wakafukua majani.

Kama unahitaji eneo la mtawanyiko kwa tathmini ya uhifadhi, pima mawili: poligoni inayozunguka nukta zote za nje, na idadi ya miraba ya kilomita 2 kwa 2 yenye nukta, kila mraba ukiwa kilomita za mraba 4. Tumia fungu la kwanza la rekodi pekee. Poligoni ya jenasi hii itapita juu ya Bahari ya Shamu. Usiogope, ndivyo kipimo kilivyo, ila kiseme kwenye maelezo ya ramani.

Mwisho, chupa zisibaki chumbani kwako. Zikabidhi kwenye makumbusho yenye mkusanyo wa wadudu na jamii zao, upewe namba, na namba hiyo iingie kwenye jedwali la ramani pembeni ya kila nukta. Siku mtu akibisha, hatabishana na wewe, ataomba chupa.

Na yule jike? Ana sentimita 24, mweusi tii, hana hata mguu uliopungua. Lebo yake inasema "Spirostreptidae, jike", na kwenye ramani yangu hayumo. Nimerudi pale nilipomwokota misimu miwili ya mvua, na mrija wangu wa plastiki mkononi, nikitafuta mume wake.